Mtoto Niliyemtoa Masieda

Nilimchukua mtoto wa miaka saba kutoka kwa mama yake siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na nilimchukua kwa upole. Naanza na upole huo kwa sababu kwa muda mrefu ndio niliojitetea nao. Sikupaza sauti. Sikumvuta. Nilichuchumaa mbele yake kama tulivyofundishwa chuoni, macho yangu yakawa usawa wa macho yake, nikamwambia tunakwenda mahali penye watoto wengine, mahali salama. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini kama afisa ustawi wa jamii pale Mbulu, na sikuwa nimewahi kumtoa mtoto nyumbani kwao.

Taarifa ilikuja kwa simu kutoka kwa mwalimu wake wa darasa la kwanza. Mtoto alikosekana shuleni siku nne, na aliporudi alikuwa ameungua mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Alipoulizwa alisema, "Maji ya ugali." Mwalimu akaongeza kwamba mama wa mtoto ana kifafa, na nyumbani wanaishi wawili tu. Baba alikwenda kutafuta kazi migodini mtoto akiwa bado ananyonya, na hakurudi.

Mkuu wangu wa kitengo aliipokea taarifa hiyo akiwa amesimama, koti bado mwilini. Alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwangalifu, asiyependa maneno mengi.

"Nenda leo," aliniambia. "Kifafa na moto, usisubiri kesho."

Tulikwenda kwa gari la ofisi: mimi, askari wa kike wa dawati la jinsia na watoto, na dereva. Masieda, kijijini kwao, ilikuwa bado na ukungu mabondeni, na njia ilikuwa tope tupu. Tulimpitia mtendaji wa kijiji ofisini kwake ili atutafsirie, maana yule mama alizungumza Kiiraqw zaidi ya Kiswahili, na mimi niliyekulia Morogoro sikujua Kiiraqw hata cha salamu.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, upande mmoja watu, upande mwingine ng'ombe na mbuzi wawili. Mama alitoka nje akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwembamba, labda ananizidi miaka mitatu au minne, na alikuwa na kovu kwenye paji la uso na lingine kidevuni. Makovu hayo niliyaandika kabla hata sijamsalimia. Kisha nikafungua fomu ya tathmini, nikaanza kuuliza, mtendaji akitafsiri.

Unaishi na nani? Mimi na mtoto. Ulianguka lini mara ya mwisho? Siku ile. Mtoto alikuwa wapi? Karibu. Nani mwingine alikuwepo? Hakuna. Unatumia dawa? Ndiyo. Unazo sasa? Hapana.

Nilikuwa naandika haraka. Pale kwenye fomu palipouliza idadi ya watu wazima wenye uwezo wa kulea katika kaya, niliweka sifuri. Nilichungulia jikoni nikaona mafiga matatu chini, majivu, na sufuria nyeusi iliyobonyea ubavuni. Nikaandika: mazingira hatarishi. Mtoto mwenyewe alikaa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa safi, akiiangalia kalamu yangu.

Kando ya uzio alisimama bibi mmoja wa jirani, ameshika jembe. Alikuwa amesimama pale tangu tulipofika. Nilimwambia, "Habari za asubuhi," kama unavyomwambia mtu wa rika lako sokoni, nikageuka. Hakujibu. Nilidhani hajui Kiswahili.

Nilipomweleza mama kwamba tunaondoka na mtoto kwa usalama wake, na kwamba mahakama itaamua mbele ya safari, mtendaji alitafsiri huku akiangalia chini. Mama hakulia wala hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na sweta ya kijani, akamvalisha mtoto, mkono ulioungua kwanza, taratibu kabisa, akafunga vifungo. Akamwambia jambo fupi sikioni.

"Amesemaje?" nilimuuliza mtendaji.

"Ah, mambo ya kawaida ya mama na mtoto," alijibu.

Sikuuliza tena. Garini askari aliniambia nimefanya vizuri, kwamba wengine siku ya kwanza hutetemeka. Nami nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Mtoto alikaa katikati yetu hadi Mbulu mjini.

*

Makao ya watoto tuliyompeleka yalikuwa safi. Kulikuwa na vitanda, blanketi mbili kwa kila mtoto kwa ajili ya baridi, uji asubuhi, na mlezi mwenye moyo. Hakimu alitoa amri ya muda na kupanga shauri lisikilizwe baada ya wiki nne. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa tatu. Mkuu aliisoma, akasema imeandikwa vizuri, akasaini.

Ijumaa ya wiki ya kwanza nilikwenda kumwona mtoto. Mlezi alinikaribisha chai.

"Hana usumbufu kabisa," alisema. "Hasemi, lakini hasumbui. Ila ni mkaidi kidogo wakati wa kulala. Nikimlaza, anajiinua, anakaa ameegemea ukuta. Nikirudi, namkuta amelala hivyohivyo, amekaa."

"Anakula?"

"Kidogo. Halafu juzi alituchekesha. Wasichana walikuwa wanacheza hapo uani, mmoja akajikwaa akaanguka chali. Huyu wako alitoka mbio, akawasukuma wenzake wote nyuma, akamgeuza yule ubavu, akavua sweta akamwekea chini ya kichwa. Mwenzake anacheka, yeye kapiga magoti anasubiri! Kama nesi!"

Mlezi alicheka. Mimi kikombe kilibaki mkononi. Nilimwona mtoto kupitia dirisha, amekaa kwenye ngazi na ile sweta ya kijani, nikajiuliza nani alimfundisha. Mtoto wa miaka saba hazuki tu akajua kumgeuza mtu ubavu na kutenga nafasi. Kuna mtu alikaa naye akamwonyesha, akarudia, hadi mikono ikazoea. Ripoti yangu ilisema mama hana uwezo wa kumlinda mtoto. Haikusema chochote juu ya mama aliyemfundisha mtoto asiogope.

Jumatatu nilimweleza mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hilo linanitia wasiwasi zaidi," alisema. "Mtoto wa miaka saba si nesi. Ndiyo maana ameungua. Alikuwa anafanya kazi ya mtu mzima."

Alichosema kilikuwa na ukweli, na bado leo kina ukweli. Nilirudi mezani kwangu na wasiwasi ambao sikujua niuandike kwenye safu gani.

*

Wiki iliyofuata, siku ya gulio, wanawake tisa walikuja ofisini. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri, viatu vya mvua vimejaa tope, shuka na kanga zimelowa kwa manyunyu. Hawakupiga kelele. Walikaa kwenye nyasi mbele ya mlango wetu, mama wa mtoto akiwa katikati yao, na kila mtu aliyeingia ofisi nyingine yoyote pale alilazimika kuwapita. Mkuu alichungulia dirishani, akafunga pazia.

"Toka ukawaambie suala liko mahakamani. Waende nyumbani, wasubiri."

Nilitoka. Bibi yule wa jembe ndiye aliyekuwa mbele, na safari hii nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Leo umeniona."

Nilianza maneno ya mahakama. Aliinua mkono, nikanyamaza.

"Binti, ulipokuja kwetu ulimuuliza huyu anaishi na nani. Akakujibu vizuri, mimi na mtoto, kwa sababu ndani ya nyumba ile wanalala wao wawili. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ungeniuliza mimi naishi na nani, ningekwambia naishi na yeye. Huyu hapa," alimgusa mwanamke wa kulia kwake, "angekwambia hivyo hivyo. Na huyu."

"Sikujua, bibi."

"Hukuuliza."

Nilikaa kwenye nyasi. Sikukusudia kukaa, ila sikuweza kuendelea kusimama juu yake. Ndipo nilipoambiwa, vipande vipande, wengine wakisema Kiiraqw na bibi akinigeuzia Kiswahili. Tangu yule mama aolewe na kuletwa pale, akiwa na ugonjwa wake, wanawake wa nyumba zile za karibu walikuwa na zamu. Hakuna aliyeziandika. Asubuhi mmoja anapita kuwasha moto. Ugali wa mchana mama anapikia kwa jirani, au jirani anapikia kwake. Hawashi moto akiwa peke yake. Mtoto alifundishwa tangu ana miaka minne kwamba mama akianguka, amgeuze, atoe vitu, kisha akimbie kuita. Asijaribu kuinua, asiguse moto.

"Na siku ile?" niliuliza.

Mwanamke mmoja kijana, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alianza kulia.

"Siku ile kulikuwa na msiba kitongoji cha pili," bibi alisema. "Tulikwenda wote. Huyu alidhani mimi nimebaki. Mimi nilidhani huyu amebaki. Na dawa zilikuwa zimeisha, barabara ilikatika na mvua, gari la dawa halikupita. Mama mtoto alikuwa ameanguka mara tatu wiki ile. Kabla ya hapo alikaa mwaka mzima hajaanguka. Umeandika hilo?"

Sikuwa nimeandika. Fomu ilikuwa na mistari sita ya udhaifu wa mzazi. Haikuwa na mstari wa barabara iliyokatika, wala wa jirani aliyekwenda kuzika. Na mimi, niliyekuwa na shahada, niliyewahi kupata alama nzuri kwenye mtihani uliotutaka tueleze jinsi kazi yetu inavyoweza kugeuza umaskini wa watu kuwa kosa lao, nilijaza mistari iliyokuwepo.

Walipokuwa wanainuka kuondoka, mama wa mtoto alinisogelea.

"Dada," alisema kwa Kiswahili, akitafuta maneno. "Mkono umepona?"

Nilimwambia unaendelea vizuri. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeuangalia.

*

Siku mbili baadaye nilikwenda Masieda peke yangu, kwa bodaboda, bila gari la ofisi na bila askari. Mkuu alijua ninakwenda, hakunikataza, aliniambia tu, "Usiwaahidi kitu." Nilifika saa tano. Bibi alinipeleka kwa mama wa mtoto, tukakaa uani kuchambua maharage. Jirani mwingine alikuwa anapika ndani. Nilikaa muda mrefu bila kufungua daftari. Nilitaka kuona tu.

Nikaona kuliko nilivyotaka. Mama alikuwa ananiambia kitu juu ya mtoto wake, kwamba anapenda makande yaliyolala, na katikati ya neno macho yake yaliondoka. Ungo ulidondoka. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisahau, mwili ukakakamaa, akaanguka upande, kichwa kikagonga ardhi.

Niliganda. Nilikuwa nimesoma juu ya kifafa, nilijua takribani kinavyoanza na kinavyoisha, lakini mwili wangu haukujua chochote. Kilichonijia kichwani ni kitu nilichosikia utotoni, kwamba mgonjwa atauma ulimi. Kulikuwa na kijiko kwenye sahani. Nikakichukua, nikapiga magoti, nikaanza kumfungua meno kwa nguvu.

Bibi alinipiga mkono. Kijiko kiliruka.

"Acha! Usimwekee kitu mdomoni! Unataka kumvunja meno? Unataka azibwe pumzi?"

Jirani alikuwa ameshatoka ndani. Alisogeza ungo, akasogeza kigoda, akavua kitenge cha kiunoni akakikunja chini ya kichwa cha mgonjwa. Bibi alimgeuza ubavu alipoanza kulegea, akamfuta povu, akamwekea mkono begani. Wala hawakumshikilia. Walikuwa wanahesabu pumzi zake kwa kuangalia tu. Mimi nilikuwa nimekaa chini na mkono unaniuma, na maharage yametapakaa mapajani mwangu.

Alipozinduka alimtazama kila mmoja wetu kama mtu anayerudi kutoka mbali. Akaniona mimi. Uso wake ulibadilika, na nilielewa mara moja. Aliogopa. Aliogopa kwa sababu mimi, mwenye kalamu, nilikuwa nimeona.

"Utaandika?" aliuliza.

"Nitaandika," nilisema. "Nitaandika kwamba mimi ndiye niliyetaka kukuumiza."

Bibi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Mama hakucheka.

*

Ripoti ya pili niliiandika kwa siku tatu. Niliwaorodhesha wanawake wa zamu, nyumba kwa nyumba. Niliandika juu ya dawa na barabara. Niliandika kwamba mtoto alifundishwa la kufanya, na kwamba siku ile aliungua kwa kuwa alivunja agizo: sufuria ilikuwa inamwangukia mama, akaipiga kwa mkono. Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti ndogo, nilipokwenda makaoni na kumuuliza kwa Kiswahili chepesi huku tukikunja nguo. Mwisho niliandika kwamba tathmini ya kwanza ilikuwa na kasoro, na kwamba aliyeifanya ni mimi.

Mkuu aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Hii siwezi kusaini."

"Kwa nini, bosi?"

"Unaiambia mahakama kwamba ofisi ilimtoa mtoto kimakosa. Unajua maana yake? Kesho tukipeleka shauri la mtoto anayepigwa kweli kweli, wakili atasimama aseme, hawa si ndio wale wanaobadilisha maneno?"

"Lakini nilikosea."

"Ulikwenda kumwokoa mtoto. Hukukosea." Aliisukuma ripoti upande wangu wa meza. "Nikuulize. Wanawake hawa wana mashamba yao, wana watoto wao, wanaugua, wanakufa. Siku moja watakwenda tena msibani. Mtoto huyu akiungua tena, au akifa, nani atasimama?"

Sauti yake haikuwa ya ukali. Naamini alikuwa ananionea huruma. Miaka ya nyuma, niliambiwa baadaye na mtu mwingine, aliwahi kumwacha mtoto kwao na mtoto huyo hakupona. Hakuwahi kunisimulia mwenyewe, ila siku ile niliona kitu usoni mwake, nikakosa hasira niliyokuwa nimejiandaa nayo.

"Nitasimama mimi," nilisema.

"Wewe una miezi sita kazini," alijibu. "Hujui unachosema."

Hakusaini. Lakini hakunizuia kwenda na ripoti mkononi, na hilo pia nalikumbuka.

*

Shauri lilisikilizwa katika chumba cha ndani, si ukumbini, kwa kuwa lilimhusu mtoto. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Mama alikaa na bibi. Mkuu alikaa nyuma, karibu na mlango. Mbele ya hakimu kulikuwa na ripoti zangu zote mbili.

"Nimesoma hii," alisema, akainua ya kwanza. "Na nimesoma hii. Zote zimeandikwa na wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hii inasema mtoto hana mtu mzima wa kumlinda. Hii inasema anao wanane. Wiki tatu katikati. Sasa nikuamini ipi?"

Nilihisi macho ya mkuu mgongoni.

"Mheshimiwa, ya kwanza niliiandika baada ya dakika arobaini, nikiwa nimesimama. Niliandika majibu ya maswali niliyokuja nayo. Ya pili niliiandika baada ya kukaa nao."

"Kwa hiyo ya kwanza ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Kila kilichomo nilikiona. Lakini sikuona vya kutosha kumtoa mtoto, na nilimtoa."

Aliandika kitu. Kalamu yake ilikwenda taratibu mno. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kupitia mkalimani kama ana la kusema. Mama alisimama. Alisema hana maneno mengi, anaumwa na anajua anaumwa. Hakimu akamuuliza kama siku ile aliyochukuliwa mtoto alielewa kinachofanyika.

"Nilielewa."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilisema na mtoto."

"Ulimwambia nini?"

Mkalimani alisikiliza, akasita, akatafsiri: "Nilimwambia asilalie mkono ulioungua. Nilimwambia akikosa mtu wa kumgeuza, akae."

Mimi niliinamisha kichwa. Wiki zote zile mtoto alikuwa amelala ameegemea ukuta, mlezi akimwita mkaidi, mimi nikiandika kwenye daftari langu kwamba ana dalili za msongo. Alikuwa anamtii mama yake. Maelekezo yote aliyohitaji yalitolewa pale uani mbele yangu, na mtu niliyemleta kutafsiri aliona si neno la kunipa, nami niliyelipwa kuuliza niliridhika.

Hakimu aliamuru mtoto arudi. Aliweka masharti: nimtembelee kila wiki mbili kwa miezi sita, jiko liinuliwe na kuzibwa pande zake, na dawa zipatikane za akiba kabla ya masika. Aliposema "kwa dhamana ya afisa huyu" alinitazama mimi. Tulipotoka, mkuu alinipita kwenye ngazi.

"Sasa umesimama," alisema, bila kugeuka.

*

Nilidhani siku ya kumrudisha ingekuwa ya furaha. Wanaume wa kitongoji walikuwa wameshajenga jiko la udongo lililoinuliwa hadi kiunoni, na wanawake walikuwa wamekusanyika. Mtoto alishuka garini na mfuko wa nguo alizopewa makaoni. Mama alisimama mlangoni, mikono imeachana kidogo.

Mtoto hakukimbia. Alisimama kwenye uzio, akaangalia nyumba, akaangalia watu, akanigeukia mimi.

"Nitakaa hapa siku ngapi?" aliuliza.

Mama alielewa. Kiswahili hicho alikuwa nacho. Aligeuza uso wake ukutani. Nilimwambia mtoto kwamba amerudi nyumbani, hakuna siku za kuhesabu, hataondoka tena. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama alivyoitikia siku ile nilipomwambia tunakwenda mahali salama. Sikuwa na sauti nyingine ya kumwambia ukweli. Niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshaitumia siku ile.

Nilimtembelea miezi sita yote. Nilikuwa nashuka kwenye bodaboda mbali, natembea, kwa sababu bibi aliniambia mtoto akisikia injini anajificha nyuma ya ng'ombe. Kila mvua kubwa iliponyesha Mbulu nilikosa raha siku nzima. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, niliipokea nikiwa nimeshasimama. Mkuu hakukosea kuhusu uzito wa kusimama. Mama alianguka mara mbili katika kipindi hicho, mara zote mbili akiwa na mtu. Mtoto hakuungua tena.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Hanang, na huko ndiko niliko hadi sasa. Mkuu wangu alistaafu. Nimefanya kazi na wakulima wa Masakta na wafugaji wa tambarare, na nimewatoa watoto wengine nyumbani kwao tangu wakati huo. Wawili wa Masakta niliwatoa mchana kweupe, ukoo mzima ukinilaani, na nikiambiwa nirudie leo nitarudia, kwa sababu niliulizia kila uzio na kila uzio uliniambia kitu kile kile kwa hofu. Siku hizo sikuwa mpole. Sijui kama niliwatendea haki zaidi kuliko yule wa kwanza. Vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo kazini huniuliza watajuaje wakati gani wamtoe mtoto na wakati gani wamwache. Nawaambia kwamba sijapata fomu inayojua, na wanaandika hilo kwenye daftari zao wakiwa hawajaridhika.

Mwaka huu nilipita Masieda nikiwa na shughuli nyingine. Bibi amefariki; nilionyeshwa alipozikwa, kando ya shamba lake la maharage. Yule mwanamke kijana aliyelia kwenye nyasi ndiye anayepita asubuhi sasa. Mama alinipokea, amenenepa kidogo, akanipikia chai ya maziwa kwenye lile jiko, na safari hii tuliongea bila mkalimani, Kiswahili chake na Kiiraqw changu vikikutana katikati.

Binti yake alirudi kutoka shule tukiwa bado tunakunywa. Yuko kidato cha kwanza, mrefu kuliko mama yake, mikono ya sweta ya shule imeshuka hadi vidoleni. Alinitambua. "Shikamoo," alisema, akiwa amesimama wima. Niliitikia, nikataka kuuliza habari za masomo, lakini alikuwa ameshachukua ndoo ya maziwa na kwenda upande wa ng'ombe. Mama alimfuata kwa macho, kisha akanitazama mimi.

"Kunywa, dada," alisema. "Chai inapoa."